Nyuzi Mpya na Mandolini ya Zamani

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo cha muziki kikipungua sauti, dawa yake ni kukitia nyuzi nene zaidi. Ni sawa na kudhani kwamba punda aliyechoka atapata nguvu akizidishiwa mzigo. Jambo hili huonekana sana kwa wapigaji wa mandolini. Chombo hiki ni kidogo, nyuzi zake nane zimepangwa mbili mbili, na mlio wake hukatika upesi kuliko ule wa gita. Kikiwekwa kati ya akordioni na dumbaki, humezwa. Basi mpigaji hutafuta nyuzi mpya, na wala hawakosekani watu wa kumwambia kwamba wanazijua nyuzi zenye sauti ya ajabu.

Yuko mpigaji mmoja wa Mombasa aliyezijaribu nyuzi za namna mbalimbali kwa utaratibu mwema, na yale aliyoyapata yaweza kuwafaa wengine. Bwana huyo ni karani katika ofisi ya serikali, na jioni hupiga mandolini katika kikundi cha taarab cha mtaani kwao, Mji wa Kale. Mandolini yake aliirithi kwa marehemu baba yake, ambaye aliinunua bandarini kwa baharia mmoja. Ni ya namna ya zamani ya Kitaliani. Mgongo wake ni wa mviringo kama nusu ya kibuyu, umeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao, na ndani yake pamebandikwa kikaratasi chenye jina la mji wa Napoli. Mtu akiipeleka sokoni hatapata fedha nyingi. Lakini katika nyumba ile hakuna kitu kingine ambacho mkono wa yule mzee ulikishika kila siku kwa miaka mingi, na mbao za shingoni zimelika mahali pale pale vidole vyake vilipokuwa vikikaa.

Miezi mitatu kabla ya arusi ya binti wa dada yake, kikundi kilianza kufanya mazoezi. Siku ya pili mwimbaji akamwambia mbele ya wenzake wote: “Bwana, mkono wako twauona ukienda, lakini sauti yako hatuisikii.” Wenzake walicheka, naye akacheka pamoja nao, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Haikuwa arusi ya mtu baki. Mjomba kukaa mbele ya watu na chombo kisichosikika si jambo dogo.

Kwa bahati, kaka yake bibi arusi ni baharia, naye alirejea safarini wakati huo huo akiwa na pakiti nne za nyuzi kutoka Marekani. Pakiti moja ilikuwa ya nyuzi nene za shaba, ya pili ya nyuzi nyembamba za shaba ya namna ile ile, ya tatu ya nyuzi zilizozungushiwa madini yaitwayo Monel, na ya nne ya nyuzi laini ambazo waya wake wa nje ni bapa kama utepe. Kijana akaishika ile pakiti ya nyuzi nene akasema, “Mjomba, hizi ndizo Wamarekani wapigazo. Ukizitia hizi, watakusikia mpaka Likoni.”

Karani hakuzitia siku ile. Aliichukua mandolini na pakiti zake, akaenda kwa fundi mmoja mzee ambaye kazi yake ni useremala, lakini hutengeneza pia udi na fidla za watu. Fundi hakutazama nyuzi kwanza. Aliiweka rula juu ya uso wa mandolini, akainama, akamwonyesha mwanga uliokuwa ukipita chini ya ile rula. Karibu na kile kijibao kinachozibeba nyuzi, ubao ulikuwa umebonyea kidogo.

“Mwanangu,” akasema, “ubao huu umebeba nyuzi tangu babako yu kijana. Ukiuongezea, hautakwambia kama umechoka. Utapasuka tu.”

“Mzee, lakini Wamarekani wanazitumia.”

“Kwenye mandolini zao,” akajibu fundi.

Maneno ya fundi yana ukweli ambao historia yenyewe inautibitisha. Mandolini ya mgongo wa mviringo ilikua katika mji wa Napoli, huko Italia, katika karne ya 18, na ukoo wa Vinaccia ulikuwa miongoni mwa mafundi wake mashuhuri. Wakati huo nyuzi zake nyembamba zilikuwa za utumbo wa mnyama, na nyingine zilikuwa za waya wa shaba. Katika miaka ya 1830 fundi Pasquale Vinaccia alikitengeneza chombo hicho kiweze kubeba nyuzi za chuma cha pua. Hata hivyo mandolini za Napoli ziliendelea kuwa na uso mwembamba, na nyuzi zake zilikuwa nyembamba vilevile. Wepesi huo ndio unaoufanya uso utikisike kwa mguso mdogo wa risha.

Mandolini ya Kimarekani ni kizazi kingine. Mwaka 1898 Orville Gibson alipata hati ya serikali ya Marekani ya kulinda ubunifu wake wa mandolini ambayo uso na mgongo wake vimechongwa kwa ubao mnene, mfano wa fidla. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1902 katika mji wa Kalamazoo, na mwaka 1922, wakati Lloyd Loar alipokuwa akifanya kazi huko, ikatoa mandolini iliyoitwa F-5. Bill Monroe wa Kentucky, aliyezaliwa mwaka 1911 akafa mwaka 1996, alijipatia sifa kwa kupiga mandolini ya namna hiyo, iliyotengenezwa mwaka 1923. Yeye alikuwa akishindana na banjo na fidla katika muziki wa mbio. Basi chombo chake kilitengenezwa kustahimili nyuzi nene na mkono mzito. Nyuzi za shaba ya fosforasi, ambazo leo huuzwa kila mahali, zilianza kutolewa na kampuni ya D'Addario mwaka 1974. Mandolini ya Napoli iliyotengenezwa kabla ya hapo haikupata kuzifikiria.

Kuna hesabu pia, nayo si ngumu. Mwaka 1636 mtaalamu wa Ufaransa, padre Marin Mersenne, alieleza kanuni za uzi unaolia: sauti hupanda uzi ukifupishwa, hupanda ukikazwa, na hushuka uzi ukiwa mzito. Kwa hiyo mtu akitia uzi mzito zaidi na kutaka sauti ile ile, hana budi kuukaza zaidi. Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi ulioandikwa 9 ni sehemu 9 katika 1,000 za inchi, na ule ulioandikwa 11 ni sehemu 11. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Lakini kwenye mandolini ambayo uzi wake una urefu wa sentimita 33, uzi wa kwanza wa namba 9 huvuta kama kilo 6 na robo ukifikishwa kwenye sauti yake, na ule wa namba 11 huvuta kama kilo 9 na robo. Yaani unene umezidi kidogo tu, na mvuto umezidi karibu nusu. Na huo ni uzi mmoja katika nane.

Karani alipoifanya hesabu hiyo katika daftari lake, akairudia mara mbili, alizifunga zile nyuzi nene akampa mwenzake wa kikundi kile kile, ambaye ana mandolini ya siku hizi yenye uso uliochongwa na chuma ndani ya shingo. Kwenye mandolini hiyo nyuzi zililia vizuri mno, zikawa na sauti nzito na ya kujaa. Haikuwa kosa la nyuzi, wala si kosa la mandolini ya Napoli. Kila kimoja kilikuwa na mwenzake.

Zikabaki pakiti tatu. Hapo fundi akamfundisha jambo ambalo wapigaji wengi hawalifikiri. Katika pakiti nyingi za mandolini, jozi mbili za juu ni waya mtupu wa chuma cha pua, haukuzungushiwa kitu. Mtu akinunua pakiti ya shaba, au ya Monel, waya ule ni wa jamaa moja. Tofauti ya madini imo katika jozi mbili za chini tu, ambazo kiini chake ni chuma na nje pamezungushwa waya mwingine. Basi mtu asemaye kwamba pakiti fulani imembadilishia sauti yote, nusu ya maneno yake huenda inatokana na upya wa nyuzi, au na unene wake.

Kwa sababu hiyo waliamua kuziacha jozi mbili za juu bila kuzigusa muda wote wa majaribio. Uzi wa kwanza waliutoa katika nyuzi za gita la umeme za namba 9, kwani waya mtupu wa gita na wa mandolini ni mmoja. Tofauti ni mwishoni tu: uzi wa gita una kidude cha shaba, na uzi wa mandolini una kitanzi. Fundi alikivunja kile kidude kwa koleo, taratibu, na kitanzi kikabaki. Jambo hili ni la kukumbukwa katika miji ambayo nyuzi za gita zapatikana na za mandolini hazipatikani.

Utaratibu wa majaribio ulikuwa huu. Kila namna ya nyuzi ilikaa majuma matatu. Risha ilikuwa ile ile, chumba kile kile, kiti kile kile, na nyimbo mbili zile zile, mmoja wa pole na mmoja wa haraka. Nyuzi zilibadilishwa moja moja, maana kijibao kinachozibeba hakikugundishwa, hushikwa na mkazo wa nyuzi zenyewe, na mtu akizitoa zote pamoja huteleza. Baada ya kubadilisha, alihakikisha kwamba sauti ya uzi uliobanwa kwenye chuma cha 12 cha shingoni yalingana na ile itokayo kidole kikiugusa tu mahali hapo bila kuubana. Zisipolingana, kijibao husogezwa kidogo. Wapigaji wengi huzilaumu nyuzi mpya kwamba zina sauti ya uongo, kumbe kilichopotea ni mahali pa kijibao.

Jambo la mwisho lilikuwa la wasikilizaji. Mkewe na watoto wake wawili walikaa nyuma ya pazia, wasijue ni nyuzi zipi. Aliona ni lazima kufanya hivyo, kwa kuwa jicho likishaona pakiti nzuri, sikio hufuata.

Nyuzi za shaba ya fosforasi ndizo zilizotangulia. Shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, sehemu kama 92 katika 100, pamoja na bati na fosforasi kidogo sana. Jioni ya kwanza nyumba nzima ilifurahi. Sauti ilikuwa kali na safi, kama vijiko vikigongana kwenye birika. Lakini nyuzi zilizotolewa zilikuwa za zamani, zenye kutu na jasho la mikono, na uzi wowote mpya ungaliwafurahisha. Hiyo ndiyo hila kubwa ya nyuzi mpya. Mtu huzilinganisha na maiti, kisha akazisifu kwa kuwa hai. Juma la tatu lilipofika, hewa ya chumvi ya Mombasa ilikuwa imekwisha kazi yake. Nyuzi zilibadilika rangi, na ule ukali ukapungua sana.

Zikafuata nyuzi za Monel. Madini haya ni mchanganyiko wa nikeli, kama theluthi mbili, na kilichobaki karibu chote ni shaba. Yalianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, nayo hutumiwa katika vyombo vya baharini kwa kuwa maji ya chumvi hayayali upesi. Siku ya kwanza hazikumpendeza. Sauti yake ilikuwa kavu, haina mapambo, na mtoto mdogo aliuliza kama baba amekasirika. Lakini siku ya ishirini ilikuwa karibu sawa na siku ya kwanza. Katika daftari, karani aliandika maneno mawili tu: “Hazijahama.”

Nyuzi za mwisho zilikuwa zile za utepe. Hizi hazina mikwaruzo, na kidole kikiteleza juu yake hakisikiki. Mlio wake ni wa chini, laini, na unakaribia ule wa udi. Katika wimbo wa pole mkewe alisema kutoka nyuma ya pazia, “Hizo ndizo zinazomwachia mwimbaji nafasi.” Katika wimbo wa haraka zilipotea kabisa.

Kisha karani akarudia yote kwa siku moja. Jozi za shaba zilizokuwa zimechakaa, jozi za Monel na jozi za utepe zilitiwa kwa zamu, na wasikilizaji wakaulizwa ni zipi. Za utepe walizitambua wote, kila mara. Lakini shaba iliyokwisha kukaa majuma matatu na Monel waliichanganya mara kwa mara, na pengine walibishana wenyewe kwa wenyewe. Yaani ile tofauti kubwa ya siku ya kwanza, ambayo mtu angeweza kuitolea fedha nyingi, ilikuwa imekwisha kuyeyuka kabla ya mwezi.

Palibaki neno la mwimbaji: sauti hatuisikii. Hapana uzi hata mmoja katika zile tatu uliolijibu neno hilo peke yake. Karani alizichagua zile za Monel kwa sababu siku ya arusi alitaka nyuzi asizoziogopa. Mengine aliyatafuta kwingine. Aliacha risha laini ya plastiki akatumia ngumu zaidi, akapiga karibu kidogo na kijibao, mahali sauti inapokuwa kali. Alimwomba mpigaji wa akordioni akae nyuma yake badala ya kukaa ubavuni pake. Tena, jambo lililomgharimu kiburi kidogo, aliacha kupiga mfululizo chini ya maneno ya mwimbaji, akawa anajibu kila mwimbaji anapopumua. Mandolini ndogo ikisema watu wengine wakinyamaza, haihitaji kupiga kelele.

Usiku wa arusi ilisikika. Mwimbaji hakutoa sifa yo yote, ila katika ubeti mmoja aligeuka, akangojea jibu la mandolini, kisha ndipo akaendelea. Kwa mtu wa kikundi, hiyo ni sifa ya kutosha. Kesho yake karani aliiweka tena rula juu ya ule uso wa ubao. Mwanga ulikuwa ule ule wa kwanza, haukuzidi.

Mtu anayetaka kujaribu nyuzi mpya anaweza kuzingatia machache katika haya. Kwanza akitazame chombo chake, ni cha namna gani na kina umri gani, kabla ya kusoma sifa zilizoandikwa juu ya pakiti. Asibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana hatajua ni lipi lililoleta faida. Asihukumu nyuzi siku ya kwanza. Baada ya kupiga azifute kwa kitambaa kikavu, hasa akiwa mkazi wa pwani, kwa kuwa waya mtupu wa chuma huota kutu hata kama nyuzi nyingine ni za madini bora. Na akiambiwa kwamba hasikiki, asikimbilie dukani kabla hajachunguza amekaa wapi na anapiga wakati gani.

Zile nyuzi za utepe hazikutupwa. Zimekunjwa ndani ya karatasi, katika kisanduku cha mandolini, zikingojea usiku ambao mwimbaji atakuwa peke yake na hakutakuwa na ngoma.